Rimoti Ni ya Nani? Polley, Adler na Kesi ya Watani

NEEMA: Msangi, funga daftari kwanza. Nina baba mjini.

MSANGI: Mzee amefika na hukunipigia?

NEEMA: Nikupigie uje umalize mkungu wa ndizi? Amekusalimia, inatosha. Sasa sikiliza. Jumanne jioni, taarifa ya habari inakaribia, mzee ameshakaa kwenye kochi lake, anasubiri. Rimoti haiwashi tivii. Mnaijua ile rimoti yangu, nimeshaisema sana humu kipindini.

MSANGI: Ile ya nailoni.

NEEMA: Ile ile. Nailoni haijavuliwa tangu inunuliwe. Nikaipiga pajani, wapi. Nikageuza betri, wapi. Nikang'oa betri za saa ya ukutani, kimya. Mzee akanyanyuka mwenyewe, akaenda kwenye tivii akaanza kupapasa. Pembeni hamna kitu. Chini hamna kitu. Kuna kitufe kimoja kimejificha nyuma huko, na tivii iko ukutani, mkono haupiti. Akanigeukia. "Mama, aliyeondoa vitufe kwenye tivii ni nani?"

MSANGI: Swali zito. Hapo Mpare angekuwa ameshafungua kesi.

NEEMA: Angefungua kesi, akauza ng'ombe amlipe wakili, kwa ajili ya rimoti ya elfu saba.

MSANGI: Si bei, Neema. Ni haki yangu.

NEEMA: (anacheka) Asubuhi nikampelekea fundi, yule mwenye meza chini ya mwarobaini. Hata hakuifungua. Akawasha kamera ya simu yake, ile ya mbele, akaielekezea rimoti. Akabonyeza cha kuwashia, hakuna kitu. Akabonyeza cha sauti. Mtani, kwenye kioo cha simu kikatokea kitone cha zambarau, kinapepesa. Nikiangalia rimoti yenyewe kwa macho, sioni chochote. Nikiangalia simu, taa inawaka.

MSANGI: Infraredi hiyo, ni mwanga. Macho yetu hayauoni, kamera inauona.

NEEMA: Ndiyo maana yake. Akaniambia, "Dada, hii ni nzima, anayeumwa ni kitufe." Akaipasua kwa kisu. Ule mpira wa vitufe, ukiugeuza, kwa chini una vidoti vyeusi vya kaboni. Kila kidoti kikigusa ubao kinafunga njia ya umeme. Cha kuwashia kilikuwa kimelika mpaka kimebaki kijivu. Akakata kipande cha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akakibandika kwa gundi, akapangusa ubao kwa spiriti. Ikawaka.

MSANGI: Vizuri, basi hapo hapo tuingie kwenye mada. Wiki iliyopita tuliahidi hataza, ile haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake. Tarehe 14 Februari 1876, Alexander Graham Bell na Elisha Gray, siku moja, ofisi moja ya hataza kule Washington, wote wawili na simu...

NEEMA: Mzee bado hajajibiwa.

MSANGI: Na Bell je?

NEEMA: Bell ana simu, atapiga. Usiku nilikutumia mambo, umesoma hukusoma?

MSANGI: Nimesoma yote. Na tutagombana leo.

NEEMA: Ndiyo nilichotaka. Wasikilizaji, twendeni Chicago, kampuni ya Zenith, watengenezaji wa redio na tivii. Mkubwa wao, Eugene McDonald, alikuwa hapendi matangazo ya biashara hata kidogo. Anataka mtu akae kwenye kiti chake na tangazo likija alikate sauti. Mwaka 1950 wakatoa rimoti ya kwanza, Lazy Bones. Tatizo lake, ina waya. Waya umetoka kwenye tivii umekuja mpaka kwenye kochi.

MSANGI: Na watu wanajikwaa.

NEEMA: Wanajikwaa sebuleni kwao. McDonald akawaambia mafundi wake, ondoeni waya.

MSANGI: Na aliyeuondoa anaitwa Eugene Polley. Naomba jina hilo liandikwe. Kijana aliyeingia Zenith mwaka 1935 kwenye stoo, anabeba vitu, senti 40 za Marekani kwa saa. Hana udaktari wa fizikia. Amepanda humo humo mpaka akawa mhandisi. Mwaka 1955 akatoa Flash-Matic. Umbo lake kama bastola. Ukivuta kile kifyatulio inatoa mwanga, tochi tu ya kawaida. Kwenye pembe nne za kioo cha tivii kuna seli za kuhisi mwanga. Ukimulika pembe hii, inawaka au inazima. Pembe ile, unakata sauti. Mbili zilizobaki, chaneli inazunguka kulia au kushoto. Rimoti ya kwanza ya tivii isiyo na waya duniani. Kwisha. Mwambie mzee, ni Polley.

NEEMA: Malizia. Jua likiingia dirishani?

MSANGI: Tivii inabadilisha chaneli.

NEEMA: Yenyewe! Hujagusa kitu. Jua linazunguka, na chaneli nazo zinazunguka. Na pembe ipi ilikuwa ya nini, watu walikuwa wanasahau. McDonald akairudisha kazi kwa mafundi, ndipo anaingia Robert Adler. Mzaliwa wa Vienna, daktari wa fizikia wa chuo kikuu cha huko huko, amekimbia Ulaya ya Wanazi, Zenith ameingia mwaka 1941. Na watu wa mauzo wameshaweka sharti: hatutaki betri ndani ya rimoti.

MSANGI: Hapo nilisimama. Betri kwa nini?

NEEMA: Betri ikiisha, mteja atadhani tivii imekufa, atairudisha dukani.

MSANGI: Kama wewe Jumanne.

NEEMA: Kama mimi Jumanne! Sasa utatengenezaje rimoti isiyo na waya, isiyo na betri? Adler akaweka ndani fimbo nne za alumini, kila moja kama sentimita 6. Ukibonyeza kitufe, kinyundo kidogo kinagonga fimbo mwisho wake. Inalia kama kengele, ila sauti yake iko juu kuliko sikio la binadamu, maana sikio letu linaishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Fimbo hizo nne, kila moja ina urefu wake, kwa hiyo kila moja ina mlio wake. Moja ya kuwasha na kuzima, moja ya sauti, mbili za chaneli, mbele na nyuma. Kwenye tivii kuna maikrofoni inasikiliza. Mwaka 1956 ikaingia sokoni, Space Command.

MSANGI: Ya kugonga chuma.

NEEMA: Ya kugonga chuma, bila umeme wowote mkononi mwako! Fundi wangu angelia machozi ya furaha. Hakuna kidoti cha kaboni cha kulika.

MSANGI: Na sarafu zikigongana mfukoni?

NEEMA: Chaneli inabadilika.

MSANGI: Mbwa akipita na mnyororo?

NEEMA: (anacheka) Chaneli inabadilika. Mbwa wenyewe sauti ile walikuwa wanaisikia.

MSANGI: Ndiyo! Ya Polley inasumbuliwa na jua, ya Adler inasumbuliwa na mbwa. Kwa nini Polley ni kichekesho halafu Adler ni shujaa?

NEEMA: Kwa sababu ya Adler ilikaa. Miaka kama 25, kampuni baada ya kampuni zinatumia sauti, mpaka infraredi inashika soko mwanzoni mwa miaka ya 1980. Flash-Matic ilidumu kiasi gani? Mwaka mmoja imeshapata mrithi.

MSANGI: Na ile ya Adler bei je? Mwanzoni tivii ilibidi iongezwe valvu sita, zile taa za kioo za mitambo ya zamani, za kupokea ile sauti, bei ikapanda kama asilimia 30.

NEEMA: Watu wakanunua hivyo hivyo.

MSANGI: Neema, wazo la kukaa kwenye kiti, kitu mkononi, hakuna waya, tivii inakutii, nani alilifanya kwanza likafanya kazi?

NEEMA: Wazo halipewi hataza, Msangi. Wewe mwenyewe utasema hivyo kwenye daftari lako, nimeliona. Hataza inalinda njia ya kufanya kitu. Ndiyo maana wote wawili walipata hataza, na hakuna aliyemwibia mwenzake. Huyu mwanga, huyu sauti. Na ukitaka kuzungumzia wazo, basi Polley naye akae chini. Nikola Tesla, mwaka 1898, hataza ya Marekani namba 613,809, chombo kinachoendeshwa kwa mbali bila waya. Alionyesha mashua ndogo New York, ndani ya bwawa, Madison Square Garden, anaiendesha kwa redio.

MSANGI: Mashua siyo tivii.

NEEMA: Si umesema wazo?

MSANGI: Nimesema tivii. Na ukitaka njia, tuzungumzie njia. Rimoti yako ya nailoni inatumia nini? Sauti?

NEEMA: ...

MSANGI: Inatumia nini, mtani?

NEEMA: Mwanga.

MSANGI: Mwanga! Seli ya kuhisi mwanga kwenye tivii, chanzo cha mwanga mkononi. Hayo ni ya Polley. Fimbo za Adler ziko makumbusho. Nyumba zote Dar usiku huu zinamulika tivii kama alivyosema kijana wa stoo.

NEEMA: Hapana, hapana. Tochi ya Polley haikuwa na ujumbe. Inamulika tu, pembe ndiyo inayoamua. Hii ya leo inapepesa mwanga mara 38,000 kwa sekunde, kwa kawaida, na ndani ya kupepesa kuna namba: mimi ni rimoti ya tivii fulani, nimebonyeza sauti. Tivii inaitambua hiyo, jua halina mpepeso huo, ndiyo maana jua halibadilishi chaneli siku hizi. Huyo siye Polley. Kuwa wote wametumia mwanga haitoshi. Anayewasha moto siye aliyepika pilau.

MSANGI: Bila moto unakula mchele mbichi.

NEEMA: Bila mpishi pia.

MSANGI: Ngoja nikuambie kinachoniuma. Hataza zote hizo, ya Polley na ya Adler, zilikuwa mali ya Zenith. Ni waajiriwa. Polley alipewa zawadi ya dola 1,000 kwa Flash-Matic, basi. Halafu miaka inapita, mtu anayeitwa baba wa rimoti ni daktari Adler. Kijana wa stoo anakuwa tanbihi. Mpaka 1997 ndipo tuzo ya Emmy ya teknolojia, tuzo ya tivii ya Marekani, inawataja wote wawili pamoja. Polley amefariki 2012, ana miaka 96, na mpaka mwisho alikuwa na kinyongo na hilo. Na ana haki.

NEEMA: Kinyongo chake nakielewa. Lakini kumwonea huruma mtu hakumfanyi awe amesuluhisha tatizo. Adler hakumnyang'anya kitu. Alikuwa na hataza zaidi ya 180 maishani mwake, rimoti ni mojawapo tu. Aliambiwa: bila waya, bila betri, bila kusumbuliwa na jua. Akafanya.

MSANGI: Aliambiwa kwa sababu Polley alishaonyesha inawezekana!

NEEMA: Aliambiwa kwa sababu ya Polley ilikuwa inasumbua!

MSANGI: Hapa tutalala.

NEEMA: Tulale. Mimi sibadilishi.

MSANGI: Mimi nabadilisha kitu gani? Nimezaliwa Same, kesi sijawahi kuiacha njiani.

NEEMA: Fundi mitambo ananyoosha vidole. Dakika mbili? Dakika mbili.

MSANGI: Dakika mbili! Na Bell sijamgusa. Na yale mambo matatu niliyoyaandaa kwa ajili ya yule kijana aliyetuandikia kutoka Mwanza, mwenye kifaa chake cha kupima maji ya tangi. Nimekaa jana nayaandika.

NEEMA: Soma haraka.

MSANGI: Kwanza, kijana, usikionyeshe kifaa hadharani kabla hujapeleka maombi, maana hataza inataka kitu kipya, na ukishakionyesha kwenye maonyesho au mtandaoni unaweza kuukosa huo upya. Hata kama ni chako. Pili, hataza haivuki mpaka. Ukiipata BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni hapa Tanzania, mtu wa nchi nyingine haifungi mikono, isipokuwa umepeleka na huko. Kuna njia ya kupitia ARIPO, shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika, pale Harare, ombi moja unataja nchi kadhaa wanachama. Sasa hapo kuna...

NEEMA: Msangi.

MSANGI: ...kuna ada, na kuna muda wa kulipia, na la tatu ndilo kubwa kuliko yote, linahusu mwajiri wako, kama Polley...

NEEMA: Muda umekwisha, mtani. La tatu atatafuta mwenyewe, au aje studio na tangi lake.

MSANGI: Wiki ijayo naanza na Bell kabla hujafungua mdomo.

NEEMA: Wiki ijayo mzee bado yupo.

MSANGI: Basi kipindi cha leo kiitwe "Polley, Baba wa Rimoti."

NEEMA: Kichwa cha habari naandika mimi.

MSANGI: Neema, usiandike Adler.

NEEMA: Kwaherini wasikilizaji.

MSANGI: Usiandike Adler! Fundi, usizime, hatujamaliza ha...