Bunduki na Darubini kwa Shabaha ya Yadi 1000

Mabibi na mabwana, na hasa ninyi mliojiunga na mchezo wa kulenga shabaha hivi karibuni,

Nimeombwa nizungumze juu ya kuchagua bunduki na darubini kwa masafa marefu, na najua kwamba wengi wenu mmekwisha kupita madukani mkarudi na majina ya kampuni vichwani. Nawaomba myaweke kando majina hayo kwa muda, kwa sababu uamuzi wa kwanza hauhusu kampuni bali kanuni za shindano mnalokusudia kuingia. Anayenunua kabla ya kuzisoma huenda akajikuta na bunduki nzuri mno, ila isiyoruhusiwa kufyatuliwa uwanjani.

Chukueni mfano wa Bisley, huko Surrey nchini Uingereza, ambako mashindano makubwa ya bunduki yamekuwa yakifanyika tangu mwaka 1890, yalipohamishwa kutoka Wimbledon. Katika fani ya jadi iitwayo Target Rifle, darubini haifungwi kabisa juu ya bunduki. Mshindani hulala kifudifudi, mkanda umemshika mkono, akalenga kupitia tundu dogo la nyuma na pete ya mbele. Anayetaka darubini huingia F-Class, fani iliyoanzishwa Canada na George Farquharson, nayo ina vitengo viwili. Cha kwanza, F-TR, kinaruhusu risasi za aina mbili tu, .223 Remington na .308 Winchester, na uzito wa bunduki pamoja na darubini na miguu yake miwili usizidi kilo 8.25. Cha pili, F-Open, kinaruhusu kaliba, yaani kipenyo cha risasi, yoyote isiyozidi milimita 8, kikomo cha uzito ni kilo 10, na mtutu huweza kulazwa juu ya egemeo zito. Ushauri wangu kwa anayeanza ni F-TR na .308, na sababu yake ni ya kifedha zaidi kuliko ya kiufundi, kama nitakavyoeleza.

Kwa nini kaliba inajadiliwa sana? Ni kwa sababu ya upepo. Risasi ya .308 yenye kichwa cha greni 155 (greni ni kipimo kidogo cha uzito, kama gramu 0.065), ikitoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 900 kwa sekunde, itapelekwa kando zaidi ya mita 2 ifikapo yadi 1000, yaani mita 914, endapo upepo wa ubavuni una kasi ya mita 4.5 kwa sekunde. Na huo ni upepo wa kutikisa majani na vijitawi tu. Duara la ndani kabisa la shabaha ya F-Class katika umbali huo lina kipenyo cha sentimita 13 hivi. Risasi ya 6.5 Creedmoor, ambayo kichwa chake ni chembamba na kirefu, hupunguza msukumo huo kwa takriban robo, tena humpiga mlengaji bega kwa upole zaidi. Hata hivyo mtutu wake huchakaa mapema: wa .308 uliotunzwa hubaki na usahihi wa mashindano kwa maelfu kadhaa ya risasi, ilhali wa 6.5 Creedmoor huanza kuregea baada ya risasi elfu mbili au tatu, na zipo kaliba za kasi kubwa ambazo hufika elfu moja kwa shida. Kujifunza kusoma upepo kunahitaji risasi nyingi, kwa hiyo mtutu unaodumu ndiyo karo nafuu.

Jina hilo Creedmoor ni la uwanja uliokuwa Long Island, New York, ambako mwaka 1874 timu ya Ireland, ikitumia bunduki za kampuni ya Rigby zinazoshindiliwa kupitia mdomo wa mtutu, ilikutana na Wamarekani waliokuwa na Remington na Sharps za kujazwa kwa nyuma. Marekani ilishinda kwa pointi 934 dhidi ya 931. Mwairishi mmoja alipiga katikati kabisa, pointi 4 kamili, lakini kwenye shabaha ya jirani, akapewa sufuri. Watu walibishana muda mrefu kuhusu ubora wa bunduki hizo, na hesabu ilikuwa wazi mbele yao: pointi 4 hizo zingetosha kuipa Ireland ushindi.

Turudi kwenye mtutu, kwa maana hapo ndipo fedha nyingi zinapostahili kwenda. Michirizi ya ndani huizungusha risasi, na msokoto wake lazima ulingane na urefu wa kichwa cha risasi. Kwa .308, mzunguko mmoja katika inchi 13 huwatosha wanaotumia greni 155, lakini anayetaka vichwa vya greni 185 au 200 atafute inchi 10 au 11. Kichwa chenyewe pia kina tabia zake. Kile cha greni 168 kilichojijengea sifa katika masafa ya kati huyumba kasi yake inapokaribia ile ya sauti, na katika usawa wa bahari hali hiyo huanza kabla ya yadi 1000. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na risasi huchelewa kupoteza kasi. Kwa hiyo vipimo mlivyoviandika huko msivibebe kama vilivyo hadi uwanja wa pwani, wala hadi Bisley.

Kuhusu kitako, kiwe cha kurekebishika, ili shavu likikaa jicho lijikute nyuma ya darubini bila shingo kujinyoosha. Kifyatulio kiwe chepesi, kisichobadilika. Hayo yatosha.

Darubini ndiyo inayowapotosha wengi, kwa sababu dukani husifiwa kwa ukuzaji. Ukuzaji wa mara 50 unasaidia asubuhi yenye utulivu. Jua likipanda, mazigazi huifanya shabaha icheze, na walengaji wazoefu hurudi kwenye mara 25 au 30. Ulizeni kwanza uwezo wake wa kurekebishwa kwenda juu. Kutoka yadi 100 hadi 1000, .308 huhitaji kati ya dakika 30 na 40 za pembe (dakika ni sehemu ya sitini ya nyuzi moja), na dakika moja ni takriban sentimita 27 katika yadi 1000. Reli ya kufungia darubini iliyoinamishwa dakika 20 huokoa sehemu kubwa ya nafasi hiyo. Ulizeni pia ukubwa wa kliki, yaani hatua moja ya kirekebisho: ya moja ya nane ya dakika husogeza pigo sentimita 3.3 katika umbali huo, ilhali ya sehemu ya kumi ya miliradiani, kipimo kingine cha pembe, husogeza sentimita 9, ambazo ni nyingi kwa duara nililolitaja. Kirekebisho cha paralaksi, yaani kile kinachozuia alama kuonekana ikihama juu ya shabaha jicho linaposogea, ni cha lazima. Kuhusu alama za kulengea zinazokua pamoja na picha, hizo ziachieni mashindano ya umbali usiojulikana. Kwetu umbali umepimwa, na alama nyembamba isiyokua huificha shabaha kidogo zaidi.

Fungeni kipimamaji kidogo juu ya darubini. Bunduki ikilala upande kwa nyuzi 5 tu, pigo la yadi 1000 huhama takriban sentimita 80, na mlengaji ataulaumu upepo.

Kisha, kabla ya kusafiri nayo popote, ijaribuni. Simamisheni karatasi ndefu katika mita 100 zilizopimwa kwa utepe, mchore mstari wima kwa kufuata timazi, mlenge chini na kufyatua risasi chache, halafu mzungushe dakika 30 juu na kufyatua nyingine mkilenga palepale. Makundi hayo mawili yaachane kwa sentimita 87, na la juu liangukie kwenye mstari uleule. Likikaa kando ya mstari, darubini imefungwa ikiwa imepinda, na hilo hurekebishwa kwa muda mfupi. Umbali kati ya makundi ukipungua kwa sentimita 3 au 4, andikeni tofauti hiyo na kuihesabu kila mara. Lakini mkirudia jaribio na kila mara mpate jibu tofauti, irudisheni dukani ikiwa bado ndani ya dhamana.