Maua ya Bustani za Uingereza: Acheni Mbegu Zipigwe Baridi

Haya jamani, asanteni kwa kuja na mvua hii, naona wa nyuma bado mmejifunika makoti, mtavua chai ikifika. Nimeambiwa niongee kuhusu maua ya bustani za kizamani za hapa Uingereza, yale yanayojazana mbele ya nyumba za vijijini kama hayana mwenyewe, foksglavu, akwilejia, delfinia, holihoki, na nyie mnataka kuotesha kwa mbegu maana mche mmoja dukani bei yake unapata pakiti nzima ya mbegu na chenji juu.

Sasa sisi tuliokulia joto kosa letu ni moja. Mie mtu wa Tanga, mbegu isipoota nawaza tu imepata baridi. Mwaka wangu wa kwanza nikapanda akwilejia kwenye trei nikaiweka jikoni karibu na hita, kila asubuhi naichungulia kama natunza vifaranga, wiki nane kimya. Mwezi wa 11 nikakasirika nikaitupa nyuma ya banda la baiskeli, ikanyeshewa, theluji ikaifunika, nikaisahau kabisa. Mwezi wa 3 naenda kutupa taka nakuta trei imejaa vijani, vimechanikachanika kama giligilani changa! Kumbe ile mbegu ina kufuli na ufunguo wake ni baridi, lazima kipupwe kipite kwanza ndo ichomoze, maana ikiwahi kuota vuli jalidi, yaani umande ulioganda, inaweza kuimaliza. Ukiona huwezi kusubiri, changanya mbegu na mchanga wenye unyevu kidogo, funga kwenye mfuko, weka kwenye friji wiki tatu au nne. Friji, sio friza, mama mmoja hapa keshanielewa vibaya.

Foksglavu yeye anachotaka ni mwanga. Mbegu zake kama ugoro, ukipiga chafya umefilisika, kwa hiyo changanya na mchanga mkavu, nyunyiza juu ya udongo, USIFUKIE, halafu trei ikae kwenye beseni la maji inyonye kwa chini, maana ukimwagia juu mbegu zote zinakimbilia kona moja. Panda mwezi wa 5 mpaka wa 7. Mwaka wa kwanza utapata majani tu, maua mwaka unaofuata, na hapo ndo watu wanapokosea, shemeji yangu alikuja kunisaidia palizi akang'oa yote akidhani magugu. Wenye watoto sikilizeni, mmea wote ni sumu. Daktari William Withering wa Birmingham aliandika kitabu kizima mwaka 1785 jinsi ya kuutumia kwa wagonjwa waliovimba mwili, na dawa ya moyo ya digoksini inatoka kwenye ukoo huohuo, ila hiyo ni kazi ya hospitali, asije mtu akachemsha majani.

Nijela ni ndugu wa habasoda, sio ile ya kula lakini. Hii rahisi mno, mwage palepale unapotaka ikae, mwezi wa 9 au wa 3, wa 4, halafu punguza zilizobanana. Haipendi kuhamishwa.

Na miche uliyoilea ndani usiitoe siku moja ukaiacha, itaduwaa. Toa mchana, rudisha usiku, wiki moja au mbili hivi, izoee upepo.

Swali la koa, eeh, nilijua litakuja. Delfinia changa kwa koa ni kama mchicha, anamaliza safu nzima usiku mmoja. Mie nimejaribu maganda ya mayai, wanapita juu yake kama zulia. Ninachofanya sasa natoka saa nne usiku na tochi na ndoo, nimevaa kanzu na mabuti ya mvua, naokota mmojammoja, jirani alishazoea, siku hizi ananipungia mkono tu dirishani.