Daftari la Michango, Mawimbi ya Maji na Mzigo wa Kuni: Kuisoma Jamii ya China

BARAKA: Haya jamani tumerudi, mi Baraka, na leo dada Zuhura namtoa kwenye kiti cha utangazaji namuweka kwenye kiti cha mgeni, maana kuna kijana wa mwaka wa kwanza sosholojia katutumia voisi ndefu anauliza, nikiamua kujikita kwenye jamii ya China ntakuwa nasoma nini hasa, na nianzie wapi. Dada, we umekaa Guangzhou miaka mitatu unasoma kitu hichohicho. Mpe majibu.

ZUHURA: Asante mdogo wangu. Nisianze na chuo kwanza, naomba nikuulize, jana jioni ulikuwa wapi?

BARAKA: Kikao cha harusi ya binamu.

ZUHURA: Na daftari kashika nani?

BARAKA: Mhazini, kama kawaida. Kila jina, ahadi yake, alicholipa na alichobakiza. Alafu bi mkubwa akaja na daftari lake la zamani, lile la harusi ya dada ya 2016, anapekua kuangalia hawa watu walitutolea shilingi ngapi ili na sisi tusije tukatoa pungufu.

ZUHURA: Basi hapo bi mkubwa alikuwa anafanya sosholojia ya China na hajui. Kule mtu akioa, akifiwa, mtoto akifaulu kwenda chuo, kuna meza pale mlangoni, na mtu mwenye mwandiko mzuri amekaa na daftari, unampa bahasha yako, ya sherehe ni nyekundu wenyewe wanaita hongbao, ya msiba ni nyeupe, anafungua, anahesabu, anaandika jina na kiasi. Ile orodha inaitwa lidan, na familia inaitunza miaka na miaka. Watafiti wamekaa vijijini wanasoma hizo orodha kama wewe unavyosoma stetimenti ya benki, maana pale unaona nani ndugu wa karibu, nani jirani tu, nani alikuwa rafiki wakagombana, nani kapanda cheo watu wakaanza kujipeleka kwake. Na kinachotembea kati ya majina kina neno lake, renqing. Ukitafsiri utasema fadhila, lakini ni fadhila yenye kumbukumbu, ni utu na deni kwa pamoja.

BARAKA: Sisi tuna "leo kwangu kesho kwako".

ZUHURA: Ndo hapohapo, na ndo maana nataka yule kijana aanzie huku, kwenye maneno ya watu wenyewe. Mi niliingia na nadharia zote za madesa ya mwaka wa pili, Durkheim, Weber, Marx, na ni nzuri, sizidharau hata kidogo, ila ukizitanguliza unaanza kutafuta Wachina wanafanana na kitabu kwa kiasi gani. Na aliyeliona hilo mapema sana ni mwanasosholojia wa hukohuko China, Fei Xiaotong.

BARAKA: Huyo tumweleze vizuri.

ZUHURA: Fei kazaliwa 1910 Wujiang, mkoa wa Jiangsu. Mwaka 1935 kamuoa mwanafunzi mwenzake, Wang Tonghui, na miezi michache tu baada ya harusi wakaenda wote fildi kwenye milima ya Guangxi, kwa watu wa kabila la Wayao. Njia ikawapotea, Fei akanasa kwenye mtego wa chui milia wa wawindaji, akaumia vibaya, mkewe akakimbia kutafuta msaada, hakurudi. Walimkuta amekufa maji. Mi kila nikimfundisha mtu kuhusu Fei hapo huwa nanyamaza kidogo, maana yule mama alikuwa mtafiti kamili, kazi ile walikuwa wanaifanya wote.

BARAKA: Inalillahi. Alafu akaendelea?

ZUHURA: Akaendelea. Akiwa bado anajiuguza, 1936, akaenda kwenye kijiji cha Kaixiangong, ambako dada yake alikuwa anawasaidia wanawake na kiwanda cha ushirika cha hariri, akawa anauliza watu wanakula nini, wanakopa wapi, ardhi ya nani, akaondoka na madaftari yake kwenda London kusoma kwa Malinowski, mwanaanthropolojia mashuhuri wa enzi hizo. Ile kazi ikatoka 1939, na uzito wake ni kwamba enzi hizo wanaanthropolojia walikuwa wanakwenda kusoma watu wa visiwani huko mbali, huyu kasoma wakulima wa nchi yake.

BARAKA: Sasa yale mawimbi uliyokuwa unanieleza kabla hatujawasha maiki?

ZUHURA: Ndo mchango wake mkubwa, miaka ya 1940 huko. Anasema jamii za Magharibi ni kama mizigo ya kuni. Kila ukuni una mzigo wake, kamba imefungwa, unajua huu ni wa mzigo huu na ule si wa huu, yaani mwanachama ni mwanachama. Wachina wa kijijini, anasema, ni kama ukitupa jiwe majini, mawimbi yanatoka duara duara, na kila mtu ndo jiwe la duara zake, wa karibu wana nguvu, wa mbali wanafifia. Na duara za tajiri zinafika mbali, za maskini zinafika mlangoni tu, na tajiri akifilisika zinasinyaa. Ukishaelewa hilo unaelewa kwa nini mtu mmoja ana sheria moja kwa ndugu na nyingine kwa mgeni na haoni kama anakosea.

BARAKA: Dada, hiyo mbona hata Tandika ipo.

ZUHURA: Ipo, ila taratibu. Ukisema "mbona kama kwetu" unafunga daftari mapema. Kufanana ndo mlango wa kuingilia, sawa, lakini kuna kitu kule huku hakipo na bila hicho hujaisoma China. Hukou.

BARAKA: Haya, hukou.

ZUHURA: Ni uandikishaji wa kaya. Sheria yake ya 1958 iligawa watu, huyu wa shamba, huyu wa mjini, na ulikuwa unarithi kwa wazazi. Wa mjini alikuwa na mgao wa chakula, shule, matibabu, kazi kupitia danwei, yaani kituo chake cha kazi kilichompa mpaka nyumba. Wa shamba hana. Mageuzi ya uchumi ya baada ya 1978 yakawafungua watu waje viwandani, ila karatasi ikabaki kijijini. Sensa ya 2020 inasema watu kama milioni 376 walikuwa wanaishi nje ya walikoandikishwa, na hapo wameshaondolewa wale waliohama mtaa kwa mtaa ndani ya mji uleule. Mwaka huo karibu asilimia 64 ya nchi walikuwa wanaishi mjini ila wenye hukou ya mjini walikuwa kama asilimia 45. Huo mwanya katikati ni watu, Baraka. Ndo waliokuwa majirani zangu.

BARAKA: Kule Kangle.

ZUHURA: Kangle, wilaya ya Haizhu, jirani na soko kubwa la vitambaa. Ni kijiji ndani ya mji, kwelikweli kilikuwa kijiji, mji ukakua ukachukua mashamba ukawaachia wenyeji viwanja vya nyumba, nao wakapandisha ghorofa tano, sita, saba wakawapangisha wageni. Majengo yamebanana mpaka wanayaita majengo ya kushikana mikono, unafungua dirisha unaweza kumsalimia kwa mkono jirani wa jengo la pili, na chini mchana taa zinawaka. Asubuhi ukishuka barabarani unakuta mabosi wa viwanda vidogo wamejipanga mstari mrefu, kila mmoja kashika nguo ya sampuli na kibao cha boksi kimeandikwa bei kwa kila pisi. Mafundi wanapita, anaishika nguo, anaigeuza ndani nje, anaupapasa mshono kwa kidole gumba, unaona kabisa kichwani anapiga hesabu huu mfuko utanila dakika ngapi, alafu ama anakubali ama anaondoka bila neno. Na wengi wao wametoka mkoa mmoja, Hubei. Wanaitana laoxiang, mtu wa kwetu. Hilo neno ndo ofisi ya ajira pale, ndo benki, ndo msiba.

BARAKA: Na wakakupokea?

ZUHURA: Wiki tatu za kwanza hapana. Nilikwenda na dodoso kurasa sita, mhuri wa chuo, kila kitu, na kuna ofisa mmoja wa mtaa akaniambia nirudi kesho mara nne. Kuna mama mmoja, mi namwita dajie, dada mkubwa, maana na wao kama sisi mtu mzima humwiti jina kavu, akaniuliza, hizo karatasi zinakulipa kwa pisi? Akanipa mkasi mdogo nikate nyuzi za blauzi zilizoshonwa. Nikakata nyuzi miezi, na nguo zile huenda nyingine zimetua Kariakoo hapo. Ndo nikasikia habari ya mwanae wa kwanza, alivyolelewa na bibi yake Hubei, na mdogo aliyekuja nao Guangzhou ikabidi waanze kuhesabu pointi, za bima, za mkataba wa nyumba, ili apate shule ya serikali, na hata hivyo mwishoni akarudishwa kwao, maana mtihani wa kuingia chuo, gaokao, mara nyingi mtoto anaufanyia alikoandikishwa. Mama anamuona mwaka mpya wa Kichina tu. Hakuna dodoso linaloleta hilo.

BARAKA: Lakini na takwimu si zinahitajika?

ZUHURA: Tena sana, asizikimbie. Renmin University wana utafiti wa kitaifa wa jamii tangu 2003, maelfu ya kaya, mwanafunzi ajifunze kuuchambua. Na lugha, hapo siwezi kumdanganya, bila Kichina atakuwa anasoma yaliyoandikwa kuhusu Wachina badala ya kuwasikia wao, aanze mapema hata hapahapa UDSM kuna Taasisi ya Confucius.

BARAKA: Kuna kitu umenigusia jana kwamba hata sosholojia yenyewe iliwahi kufutwa.

ZUHURA: 1952, walipopanga vyuo upya, ikaondolewa. Hoja ilikuwa ujamaa unajitosheleza, hii ni elimu ya mabepari. Fei 1957 akabandikwa jina la mtu wa mrengo wa kulia, yaani adui wa ujamaa, akakaa kimya miaka. Ilirudishwa 1979, na yeye akiwa na karibu miaka 70 akapewa kuijenga upya, walimu wamezeeka, vitabu hakuna, kizazi kizima kimepita hakijafundishwa. Naye akarudi kijijini Kaixiangong, alirudi zaidi ya mara 20 kabla hajafariki 2005. Yule kijana akikaa darasani Beijing au Guangzhou ajue ile idara imekatwa ikachipua, itamsaidia kuelewa kwa nini maprofesa wazee wanaipenda kwa uchungu vile.

BARAKA: Na ajira? Maana wazazi ndo swali lao.

ZUHURA: Mi nafanya utafiti wa soko na kutafsiri, wenzangu wengine wako kwenye miradi, wengine wanafundisha. Ipo, si rahisi, ipo. Ila Kichina kiwe kizuri.

BARAKA: Dajie mnawasiliana bado?

ZUHURA: Kabla sijarudi mpwa wake alioa, nikaenda nao mpaka Hubei kijijini. Pale mezani nikatoa bahasha, yuani 600. Mzee wa daftari akasita, hajui aniandike fungu gani, ndugu si ndugu, jirani si jirani. Akaniandika chini ya jina la dajie. Sasa nilipoolewa hapa Dar, asubuhi yake naona WeChat imelia, dajie katuma yuani 800.

BARAKA: Kazidisha.

ZUHURA: Anazidisha makusudi. Ukirudisha sawasawa ni kama umelipa umemaliza, mmeachana. Ukizidisha kidogo, kamba inabaki.

BARAKA: Kwahiyo sahivi deni liko kwako.

ZUHURA: Liko kwangu. Yule mtoto wake mdogo anafanya gaokao Juni hii, akipata chuo kutakuwa na karamu, na mi nshaanza kuweka pembeni.