Fisi Anasema, Msimulizi Ananyamaza

NEEMA: Karibuni tena kipindini. Tunarekodi hapa Dodoma mjini na leo upepo umeamka vibaya, kwa hiyo mkisikia bati linagonga msishtuke. Niko na mwenzangu kama kawaida. Mwalimu Ndahani, shikamoo.

NDAHANI: Marahaba, dada Neema. Mbukwenyi, wasikilizaji.

NEEMA: Leo ni fungua semi na funga semi, zile alama zinazozunguka maneno ya anayeongea. Kuna mama wa kule Kisasa, mwanawe yuko darasa la nne, anaandika insha tamu kabisa. Watu wanagombana, wanapatana, wanachekana. Tatizo ni kwamba ukisoma hujui nani anaongea na ameishia wapi.

NDAHANI: Huyo mtoto hana tatizo kubwa. Ana masikio. Kinachomsumbua ni namna tunavyofundisha. Tunaziandika alama zote ubaoni kwa mpigo: nukta, mkato, kiulizo, mshangao, alama za mtajo, yaani hizi semi zetu. Watoto wanakariri majina, jaribio wanapata. Wape sasa waandike hadithi uone. Zile alama zimebaki ubaoni.

NEEMA: Wewe ungeanzia wapi?

NDAHANI: Kwenye sauti. Mtoto wa huku, awe wa Bahi au wa Mvumi, amemsikia bibi akisimulia habari za fisi na sungura. Bibi akifika kwa fisi anakoroma, akifika kwa sungura sauti inakuwa nyembamba. Hakuna mtoto anayeuliza nani anaongea. Basi chukua kipande kifupi cha hadithi, wape watoto watatu: mmoja fisi, mmoja sungura, mmoja msimulizi. Sharti ni moja. Fisi asome yaliyomo ndani ya alama zake tu, msimulizi asome yaliyo nje.

NEEMA: Kwa hiyo ile “akasema fisi” ni ya msimulizi.

NDAHANI: Ndiyo, na hapo ndipo wanapogongana! Fisi anasoma, “Nina njaa akasema fisi.” Darasa zima linacheka, maana fisi gani anajisimulia mwenyewe? Halafu wape kipande kisicho na alama hata moja, wakisome kwa mtindo uleule. Wataanza kubishana wenyewe: hapa ni pangu, hapana, ni pako. Ubishi ukikolea, wape penseli waweke alama. Sasa wanaweka kwa sababu wanazihitaji.

NEEMA: Hilo nimelipenda. Ila kuna watoto wanaoandika, “Asha alisema kwamba,” halafu wanafungua semi, “nitakwenda sokoni kesho.”

NDAHANI: Hao wamechanganya kauli halisi, yaani maneno yenyewe ya msemaji, na kauli taarifa, yaani habari zake zikipelekwa na mtu mwingine. Kiswahili kimetusaidia sana hapo, angalia mwanzo wa kitenzi. Asha mwenyewe anasema “nitakwenda”, kuna “ni” pale mbele. Mimi nikikupelekea habari zake, ile “ni” inaondoka: Asha alisema kwamba angekwenda sokoni kesho yake. Hata “kesho” imebadilika. Kwa hiyo mtoto akiandika “kwamba”, mwambie asifungue semi. Akitaka Asha aongee kwa mdomo wake, aifute “kwamba”, aweke mkato, ndipo afungue.

NEEMA: Na herufi kubwa.

NDAHANI: Na herufi kubwa, maana Asha anaanza sentensi yake mwenyewe.

NEEMA: Nikuchokoze kidogo. Nyumbani kwetu kitabu kilichosomwa kuliko vyote ni Biblia, ile ya Union ya mwaka 1952. Mle watu wanaongea kurasa kwa kurasa na alama hizo hazimo. “Mungu akasema, Iwe nuru; ikawa nuru.” Mkato, herufi kubwa, basi. Mtoto akiniuliza mbona kule hawaweki?

NDAHANI: Mjibu ukweli: huo ni mtindo wa tafsiri ile, na unaeleweka kwa sababu “akasema” inatangulia na herufi kubwa inafuata. Kila watu na mtindo wao. Wafaransa wana alama zao zenye pembe, Wajerumani wanaifungulia ya kwao chini kwenye mstari. Shuleni kwetu tunatumia hizi za juu, na msahihishaji anazitafuta hizo. Ila mtoto aliyeandika kama Biblia usimwekee mkasi tu. Ameona mahali, kaiga. Huyo ni msomaji.

NEEMA: Mimi ningempa alama zote.

NDAHANI: Wewe si msahihishaji, tushukuru.

NEEMA: Haya! Sasa kazi ya nyumbani. Mzazi hana muda wa kuigiza fisi.

NDAHANI: Atoke na mtoto aende naye Majengo sokoni. Wakirudi, mtoto aandike walivyopatana bei. Kupatana bei kunafundisha kuliko zoezi la kitabuni, maana zamu zinakwenda upesi. “Zabibu ni za leo?” akauliza mama. Mstari mpya. “Zimechumwa asubuhi, mama yangu.” Mstari mpya. “Kilo?” Mstari mpya. “Elfu tatu.” Umeona? Baada ya mistari miwili huhitaji tena “akasema”. Kila anayeongea anapewa mstari wake, na msomaji anafuata mwenyewe.

NEEMA: Hapo kwenye “akauliza” ndipo wengi wanapoweka herufi kubwa. Wanaona kiulizo, wanadhani sentensi imekwisha.

NDAHANI: Swali limekwisha, sentensi bado. “Akauliza” inabaki na herufi ndogo, na kiulizo kinakaa ndani kwa sababu anayeuliza ni mama. Mkato nao hivyohivyo: “Nitakuja,” alisema. Uko ndani, kabla ya kufunga.

NEEMA: Nimeona vitabu vinavyouweka nje.

NDAHANI: Hata Wazungu hawakubaliani. Marekani mkato unaingia ndani karibu kila mara, Uingereza wanaangalia kwanza kama ni sehemu ya maneno yaliyosemwa. Kwa darasa la nne mimi siupigii kelele huo. Atakayekosea mkato tutamwelewa. Atakayesahau kufunga semi, hadithi yote iliyobaki anakuwa anaongea fisi.

NEEMA: Na nukuu ndani ya nukuu?

NDAHANI: Subiri darasa la sita. Kwa sasa mpe mchezo huu. Mwandikie: mama alisema baba amefika. Maneno manne, bila alama. Muulize, nani amefika?

NEEMA: Si baba?

NDAHANI: Hebu mpe baba mdomo.

NEEMA: Ngoja... “Mama,” alisema baba, “amefika.” Ee! Aliyefika ni mama!

NDAHANI: Na hapo katikati semi imefungwa, ikafunguliwa tena, bila kukiuka kanuni yoyote. Ukimpa mtoto huo usiku, hatalala kabla hajamjaribu dada yake.

NEEMA: Mimi naenda kumjaribu fundi mitambo wetu hapa, anacheka tangu zamani. Wasikilizaji, kama una sentensi nyingine inayogeuka hivyo, itume, tutaisoma hewani. Wiki ijayo ni insha ya barua. Mwalimu, asante.

NDAHANI: Asante, dada. Na hilo bati mtafutieni misumari.