Kinachodunda Kifundoni Si Damu Iliyotoka Moyoni Sasa Hivi

Ndugu zangu, kabla sijashika chaki: vidole viwili vya mkono wa kulia viweke shingoni, kando ya koo. Vya kushoto vishike kifundo cha mkono huohuo wa kulia. Tulieni... Mnaona? Shingo hutangulia kidogo mno, halafu kifundo.

Sasa tufanye hesabu ya sokoni. Ndani ya aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, damu hutembea kwa wastani wa sentimita 20 hivi kwa sekunde. Toka moyoni hadi kifundoni ni kama sentimita 80. Ingekuwa ni damu ile ile, tungengoja sekunde 4. Lakini pigo limefika kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde!

Kilichofika ni wimbi. Mnajua foleni ya kugombea daladala: wa nyuma anasukuma, wa mlangoni anapepesuka, na aliyesukuma yuko palepale. Moyo ukisukuma, ukuta wa aota hutanuka, kisha hujirudi na kuitanua sehemu inayofuata.

Mbio za wimbi hilo tunazo kwenye mlinganyo wa Waholanzi wawili, Moens na Korteweg, wa mwaka 1878. (Thomas Young, daktari wa London, alishalizungumzia jambo hili mwaka 1808, moduli inayopima ukakamavu wa ukuta ina jina lake.) Chukua moduli hiyo, zidisha kwa unene wa ukuta, gawanya kwa kipenyo cha mshipa, gawanya tena kwa densiti ya damu, kisha toa kipeuo cha pili.

Tujaribu. Moduli paskali 400,000. Ukuta sehemu moja ya kumi ya kipenyo. Densiti kilo 1,060 kwa mita ya ujazo. Napata mita 6 kwa sekunde. Mshipa ukikakamaa mara nne, mbio zinakuwa maradufu: 12. Mlinganyo unajifanya ukuta ni mwembamba na damu haina mnato, kwa hiyo unadanganya kidogo, lakini si kwa ubaya.

Wimbi likifika kwenye matawi ya mishipa, sehemu yake hurudi. Kwa kijana hurudi vali ya aota, mlango wa damu kutoka moyoni, ikiwa imeshafungwa, na husaidia kulisha misuli ya moyo. Kwenye mshipa uliokakamaa hurudi mapema, moyo ungali unasukuma, wimbi linalorudi na msukumo wa moyo vikakutana uso kwa uso. Ndiyo maana kuna madaktari wanaopima mbio hizo kati ya shingo na kinena, na zikizidi mita 10 kwa sekunde, wanavuta kiti karibu na kuanza kukuuliza maswali.