Jina kwenye chupa lina wenyewe

Asanteni, karibuni mnaoingia, viti vipo huku mbele. Mimi naanza maana mada ni pana na muda ni mdogo.

Leo naongelea majina ya vyakula na vinywaji yanayowaumiza watu kwa sababu ya kabila lao, dini yao au wazee wao. Kila likitokea sakata la namna hii kampuni inakimbilia neno moja, "hatukukusudia", alafu mjadala wote unahamia hapo, walikusudia, hawakukusudia, watu wanabishana wiki nzima. Mimi naona hilo sio swali kabisa. Mlipochukua hilo jina mlimuuliza nani? Na mkishawaumiza watu, nani anasema mrekebishe vipi?

Kuna kesi moja nataka nikae nayo kidogo. Marekani, mwaka 1992, kampuni ya Hornell ilileta sokoni bia kali, chupa kubwa ya zaidi ya lita moja, ikaiita Crazy Horse. Sasa Crazy Horse ni nani? Ni kiongozi wa Walakota, moja ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, alipigana na jeshi la Marekani kutetea ardhi ya watu wake, akauawa mwaka 1877 akiwa mikononi mwa askari pale Fort Robinson, Nebraska. Familia yake inamkumbuka kama mtu aliyepinga pombe, na hata picha yake hakuna, hakuna hata moja ambayo imethibitishwa kuwa ni yake kweli. Mtu wa namna hiyo ndio jina lake likabandikwa kwenye pombe, na lebo ikawekwa mwanaume mwenye taji la manyoya! Na pombe kwa Walakota sio kitu cha mbali, kijiji kidogo cha Whiteclay kilichopo mpakani mwa Pine Ridge, eneo walilotengewa Walakota, kilikuwa na maduka manne tu, na kwa mwaka yalikuwa yanauza makopo ya bia zaidi ya milioni 3, mpaka yalipofungwa mwaka 2017, wakati ndani ya Pine Ridge yenyewe pombe ni marufuku. Kwa hiyo mtu akikwambia "ni jina tu" mwambie aanzie hapo Whiteclay.

Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuzuia jina hilo, kampuni ikaenda mahakamani, na mwaka 1993 ikashinda kwa hoja ya uhuru wa kujieleza. Mngedhani yameishia hapo. Lakini mwaka huohuo Seth Big Crow, wa ukoo wa marehemu na msimamizi wa mirathi yake, akafungua kesi kwenye mahakama ya kabila kule Rosebud, eneo lingine la Walakota, South Dakota, na wakapambana miaka na miaka, na mwaka 1998 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikasema mahakama ya kabila haina mamlaka juu ya Hornell. Sasa sikilizeni hapa. Kulikuwa na upande wa pili, kampuni iliyorithi kiwanda kilichokuwa kinatengeneza hiyo bia, na wao mwaka 2001 wakakubali kumaliza. Wakaja wenyewe Rosebud, mkuu wao akaomba radhi mbele ya familia, na wakaleta blanketi 32, tumbaku misokoto 32, nyasi takatifu zilizosukwa misuko 32, na farasi wa mbio 7. Zile 32 ni idadi ya majimbo ambako pombe ile iliuzwa, na farasi kila mmoja anasimama kwa kiwanda kimoja. Yani kila mahali jina lilipochafuliwa limehesabiwa na kulipiwa kwa desturi ya wenye jina, sio kwa tamko la mawasiliano la aya mbili. Sijaona msamaha wa kampuni uliofanywa vizuri kuliko huu, na nimeyafuatilia haya mambo kwa muda mrefu.

Linganisheni na Aunt Jemima, unga wa pankeki wa Marekani, jina lilianza 1889 likatolewa kwenye wimbo wa maonyesho ya kuwadhihaki watu weusi. Mwanamke wa kwanza kulipwa aigize huyo Jemima ni Nancy Green, alizaliwa utumwani Kentucky, akapika na kusimulia hadithi mbele ya umati kwenye maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893. Alifariki 1923, na kaburi lake lilikaa bila alama yoyote mpaka 2020, na jiwe la kaburi liliwekwa kwa juhudi za watu waliomtafuta. Mwaka 2021 jina likabadilishwa kuwa Pearl Milling Company, na ilikuwa lazima libadilishwe, hapo sina mjadala. Ila baadhi ya wazao wa wanawake walioigiza Jemima walilalamika kwamba bibi zao wanafutwa tu, na mimi nawaelewa kabisa, lebo imesafishwa lakini wao hawakuulizwa mwanzo na hawakuulizwa mwisho.

Na kweli wakati mwingine nia huwa safi. Australia kulikuwa na jibini inaitwa Coon, kampuni ikisema ni jina la ukoo la Mmarekani aliyebuni njia ya kuitengeneza, lakini hilohilo ni tusi kwa watu weusi, na msomi wa Kiaborijini Stephen Hagan alianza kulalamika mwaka 1999, ikabadilishwa kuwa Cheer mwaka 2021. Zaidi ya miaka 20! Ujerumani nao, Kombe la Dunia 2018, kiwanda cha Eichbaum kiliweka bendera za timu zote kwenye vifuniko vya bia, na ya Saudi Arabia ina shahada, yale maneno ya imani ya Kiislamu. Wakaomba radhi haraka, ila Muislamu mmoja tu akiwepo pale ofisini asingeacha hiyo ipite.

Mtu ataniuliza sheria inasaidia? Inategemea uko wapi. Marekani Mahakama ya Juu ilishafuta mwaka 2017 kile kifungu kilichozuia kusajili alama za biashara zinazodhalilisha watu. New Zealand wao kwa sheria ya 2002 wana kamati ya ushauri ya Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, ukiomba kusajili alama yenye kitu cha Kimaori inapita kwao waseme kama inaudhi, na swali linaulizwa kabla alama haijasajiliwa. Huo mfumo mimi naupenda sana na ningetaka nchi nyingine ziuige, shida yake ni kwamba unamgusa anayeomba usajili New Zealand tu, mtengeneza bia wa bara lingine anayechukua jina la Kimaori na kuliuza huko nchini kwake hata barua hapati.