Paswedi kwanza, fundi baadae: kuondoa spaiwea kwenye kompyuta ya nyumbani

Asalaam aleikum, na wale wa Bwana asifiwe nawasalimu pia, shikamooni wazee wangu mliokaa huku mbele. Asanteni kwa kuja, najua wengine mmetoka mbali, Pongwe huko na Duga, na joto la Tanga mwezi huu mnalijua, kwahiyo naingia moja kwa moja kwenye jambo.

Mtu akigundua kompyuta yake ina spaiwea, yani ile programu ya kijasusi inayokaa ndani kimya kimya ikichukua unachoandika na unachohifadhi, anafanya nini? Wengi wanafanya kitu kimoja kati ya viwili. Wa kwanza anakimbilia kwa fundi apigiwe window upya, yani kufutwa vilivyomo na kuwekewa Windows mpya. Wa pili, huyu ndo ananiuma zaidi, anakaa pale pale kwenye ile mashine chafu anaanza kubadili paswedi za Gmail na Facebook, anafikiri amejiokoa, kumbe anamwandikia mwizi paswedi mpya mbele ya macho yake. Jamani, kama mtaondoka hapa na kitu kimoja basi kiwe hiki: kompyuta ikishachafuka usiitumie kujiokoa nayo. Zima Wi-Fi, toa waya wa intaneti, kama ulikuwa umeiunganisha na hotspot ya simu zima hiyo hotspot, alafu ushike simu yako au kompyuta ya mtu unayemwamini, kazi inaanzia huko.

Ntaeleza kwanini. Zamani spaiwea nyingi zilikuwa za kukuletea matangazo na kufuata unatembelea wapi mtandaoni. Hizi za sasa hivi ni wezi kamili. Inaingia, inakusanya paswedi zote ulizoiambia brauza, yani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, izihifadhi, inachukua na zile kuki zinazofanya Gmail ikukumbuke bila kukuuliza paswedi kila saa, inafunga mzigo, inatuma, na nyingine zikimaliza zinajifuta zenyewe. Dakika chache tu. Mnamo mwezi wa tano, 2025, Microsoft pamoja na vyombo vya sheria vya nchi kadhaa waliuvunja mtandao wa mmoja wa wezi hawa, anaitwa Lumma, na wakasema wameona kompyuta zaidi ya 394,000 duniani zilizoambukizwa kati ya tarehe 16 Machi na 16 Mei peke yake. Miezi miwili hiyo. Na ni mwizi mmoja tu kati ya wengi.

Sasa elewa maana yake. Ukipiga window upya leo umesafisha mashine, lakini mzigo ulishaondoka, paswedi zako ziko kwa mtu mwingine, na zile kuki ziko kwa mtu mwingine, na kuki ikiwa bado hai anaingia kwenye akaunti yako bila paswedi na bila ile namba ya kuthibitisha inayokuja kwenye simu. Ndo maana watu wanalalamika, fundi alisafisha lakini bado naibiwa.

Kwahiyo ukiwa na simu, anza na barua pepe. Sio Instagram, sio kitu kingine, barua pepe kwanza, maana huko ndiko akaunti nyingine zote zinakotuma link ya kubadili paswedi. Badili paswedi, alafu nenda kwenye orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti na uvitoe vyote, kimoja kimoja, hata kile unachokijua, utaingia upya baadae. Angalia na kama kuna namba ya simu au barua pepe ya kurejesha akaunti ambayo si yako, na kama barua zako zinapelekwa kwa mtu mwingine kimya kimya. Hapo washa na ile hatua ya pili ya kuthibitisha. Kisha benki kama unaingia kwa kompyuta, kisha mitandao ya kijamii. WhatsApp nayo msiisahau, wengi mmeiunganisha na laptop, fungua pale kwenye vifaa vilivyounganishwa uitoe. Telegram vilevile.

Kuna kitu huwezi kukibadili nacho ni picha ya kitambulisho cha NIDA. Watu wengi tumeiskani tukaiacha kwenye desktop kwa ajili ya maombi ya kazi, ya mkopo, ya usajili wa laini. Kama ilikuwemo, chukulia kwamba imeondoka, na waambie walioko nyumbani, mtu akipiga simu anakutajia majina yako matatu na tarehe ya kuzaliwa hiyo sio ushahidi kwamba anatoka benki au kwenye kampuni ya simu.

Haya, sasa tuje kwenye mashine yenyewe. Hii laptop mnayoiona kwenye ukuta ni ya familia moja ya hapa Ngamiani, wameniruhusu niwaonyeshe bila kutaja jina, inatumiwa na baba, mama anawekea hesabu za kikoba, na watoto wanaangalia katuni na kufanya homework. Tazameni pembeni kulia chini, ile ngao ndogo ina tiki ya kijani. Yani Windows inasema kila kitu salama, antivairasi iko hai. Sasa nafungua ngao, naingia sehemu ya virusi, nashuka kwenye settings mpaka chini kabisa palipoandikwa Exclusions, hapa ni orodha ya sehemu ambazo antivairasi imeambiwa isiguse. Mnaona kilichoandikwa? C, nukta mbili, mkwaju. Diski yote. Antivairasi imewekwa mlangoni na kuambiwa isiangalie nyumba nzima.

Nani aliandika? Sikutafuta mbali, kwenye folda ya Downloads kuna krak ya Office, yani kiprogramu cha kuifanya Office ya kulipia ifanye kazi bila kulipa, na ndani yake kuna faili la maelekezo linasema zima antivairasi kwanza, kisha ongeza diski C kwenye exclusions, la sivyo krak haitafanya kazi. Mtu akafuata hatua kwa hatua. Mimi nasema hivi, programu yoyote inayokuomba uzime ulinzi ndo ikubali kuingia, hiyo imeshakuambia yenyewe ni nani.

Tunafuta hiyo exclusion. Tunairudisha mashine kwenye intaneti kwa muda mfupi tu antivairasi ipate apdeti, hapa hakuna paswedi inayoandikwa, hakuna Facebook inayofunguliwa, ikimaliza tunakata tena. Alafu kwenye Scan options tunachagua ile ya Offline. Hii watu hawaijui na ndo nzuri kuliko zote zilizoko ndani ya Windows. Kompyuta inajizima na kuwaka kabla Windows haijaamka, kwahiyo mdudu anakutwa amelala hajapata nafasi ya kujificha, inachukua kama dakika 15 hivi, na ni bure. Nikimaliza hapo napenda kupitisha na Malwarebytes ile ya bure, programu nyingine ya kusaka wadudu, macho mawili ni bora kuliko moja, ila usiweke antivairasi mbili zinazolinda muda wote kwa pamoja, zitagombana na mashine itakuwa nzito.

Alafu mkono wako wenyewe nao upite. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye Startup, angalia kinachowaka kila kompyuta inapowaka. Jina usilolijua lisilo na mtengenezaji pembeni, litafute kwanza kwenye simu ni nini ndo ulizime, usizime tu kwa hasira. Kwenye brauza fungua ekstensheni, vile vijiprogramu vya nyongeza, toa yoyote usiyokumbuka kuiweka. Na hapa kwenye Chrome kuna alama moja naomba muishike, ukifungua menyu ukakuta chini kabisa pameandikwa kwamba brauza inasimamiwa na shirika lako, Managed by your organization, na hii ni laptop ya nyumbani sio ya ofisi, basi kuna kitu kimeweka sheria humo, andika chrome://policy pale juu uone ni sheria gani. Mara nyingi utakuta ni ya kulazimisha ekstensheni fulani isitoke, ndo maana ulikuwa unaitoa inarudi.

Ila yale matangazo ya pembeni, kompyuta yako ina virusi vitano bonyeza hapa, mara nyingi sio virusi kabisa, ni notifikesheni ya tovuti uliyoiruhusu siku moja kwa kubonyeza Allow bila kusoma. Iondoe kwenye settings za brauza imekwisha. Usibonyeze tu.

Lini uache kuhangaika ufute yote? Mimi kwa kompyuta iliyokuwa na mwizi wa paswedi nasema futa, usijiulize mara mbili. Kuna Reset this PC humo humo ndani ya Windows, unachagua kuondoa kila kitu. Itakuuliza ishushe Windows toka mtandaoni au itumie iliyomo, ya mtandaoni ni safi zaidi lakini inaweza kula zaidi ya GB 4, kwahiyo angalieni bando.

Na hapa naomba niongee na mafundi, najua mpo, na nawaheshimu kwa sababu ndo mnaobeba mji huu. Mteja analeta laptop ina spaiwea, mnampigia window kutoka kwenye flashi ileile, mnamuwekea na krak ya kuiamsha na Office ya krak juu. Mmemrudishia ugonjwa. Laptop nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 kwenda mbele zina funguo yake ya Windows ndani ya ubao mkuu wa mashine (motherboard), ukiweka Windows ya toleo lilelile iliyoshushwa Microsoft wenyewe, ikipata intaneti inajiamsha bila krak. Hata hizi used tunazonunua nyingi ziko hivyo. Office kama hela haipo, LibreOffice ni bure na inafungua mafaili ya Word na Excel, mama wa kikoba hatakosa kitu. Kompyuta ya zamani isiyokubali Windows 11 nayo ina shida yake, Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, ukibaki nayo hivihivi bila kujiandikisha kwa zile apdeti za nyongeza matundu hayazibwi tena, kwa mashine hizo mimi naweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, wazee wanaizoea haraka kuliko mnavyodhani.

Flashi sasa. Mlango wa pili wa mji huu ni flashi za kwenye steshenari. Unapeleka faili moja kuprinti, unarudi, unafungua flashi, unakuta folda zako zote zina kamshale kadogo kwenye kona. Hizo sio folda, ni shortcut, folda zenyewe zimefichwa, na ukibonyeza shortcut unafunguliwa folda yako kweli ili usishtuke, lakini mdudu naye ameshapita. Tangu 2011 Microsoft walizuia flashi kujiendesha yenyewe ikichomekwa hata kwenye XP na Vista, kwahiyo sasa wanakusubiri wewe ubonyeze. Usibonyeze. Bonyeza kulia, skani kwanza. Na weka flashi moja ya kuprintia tu isiyo na kitu kingine, au mtumie mwenye steshenari faili akaprinti bila flashi kabisa.

Watoto wawe na akaunti yao ambayo sio administrator, wakitaka kuweka programu kompyuta inaomba paswedi ya mzazi. Haizuii kila kitu, mwizi anaweza kuchukua vya akaunti hiyo hiyo bila kuomba ruhusa, ila vya kwako vinakuwa upande wa pili.

Ndio mama, uliza. (Mama mmoja anauliza: na kama aliyeweka hiyo spaiwea ni mtu wa humo humo ndani ya nyumba?)

Asante mama yangu kwa kuuliza hilo mbele za watu. Hapo mambo yanabadilika. Mtu aliyeweka anakuangalia, ukiitoa ghafla atajua kwamba umejua, na kama ni mtu mwenye hasira unaweza kuumia. Usiitoe kwanza. Ongea na mtu unayemwamini kwa simu ambayo huyo aliyeweka hajaishika, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto kwa mambo kama haya. Kuingilia kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, hata akiwa mumeo, hata akiwa mkeo.

Na wewe kaka kule nyuma? (Anauliza kuhusu picha za harusi na za marehemu baba yake, zote ziko kwenye hiyo mashine.)

Pole sana kaka. Hazipotei. Kabla ya kufuta, nakili picha, video, na nyaraka tu kwenda kwenye hard disk ya nje. Washa kwanza ile ya kuonyesha mwisho wa majina ya mafaili, kwenye File Explorer chini ya View, maana faili linaweza kujionyesha kama picha kumbe mwisho wake ni exe. Yanayoishia jpg, mp4, pdf, docx, chukua. Yanayoishia exe, msi, bat, lnk, acha, na zip usizokumbuka umezitoa wapi acha. Usinakili folda ya Downloads nzima nzima, krak iko humo. Ukimaliza chomoa hard disk, futa kompyuta, weka Windows safi, apdeti zote ziingie, ndo urudishe hard disk na uiskani kabla hujafungua picha hata moja.